Barua ya wazi kwa wenye dhamana ya afya: mtoa usingizi mmoja hatoshi kukifungua chumba cha upasuaji

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Afya. Kwa Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya TAMISEMI (Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa). Kwa Waganga Wakuu wa Mikoa na wa Wilaya. Na kwa Waganga Wafawidhi wa hospitali na vituo vya afya vyenye vyumba vya upasuaji.

YAH: USALAMA WA WAGONJWA WANAOPEWA DAWA ZA USINGIZI NA HALI YA WATUMISHI WANAOZITOA

Waheshimiwa,

Tafadhali husikeni na somo tajwa hapo juu.

Mimi ni muuguzi niliyesomea usingizi na ninafanya kazi katika hospitali ya wilaya. Barua hii naiandika hadharani kwa sababu jambo lenyewe si siri: linajulikana na kila aliyewahi kushika zamu katika chumba cha upasuaji, limeandikwa mara nyingi katika taarifa za robo mwaka, na limesomwa katika vikao vingi vilivyomalizika kwa chai. Sitataja kituo chochote kwa jina, kwa kuwa ninayoyasema hayahusu kituo kimoja, na kwa kuwa anayetajwa kwa jina hukimbilia kujitetea kabla hajasikiliza.

Nianze na yaliyofanyika, maana ni mengi. Utafiti wa taifa wa afya wa 2015-16 ulikadiria vifo 556 vya akina mama vinavyotokana na uzazi kwa kila vizazi hai 100,000. Ule wa 2022 ulikadiria 104. Sehemu ya mabadiliko hayo imetoka kwenye vituo vya afya vilivyojengewa vyumba vya upasuaji katika maeneo ambayo zamani mama mwenye uzazi pingamizi alisafirishwa usiku kucha akiwa amelala nyuma ya gari lolote lililopatikana. Fedha za mpango wa maendeleo na mapambano dhidi ya UVIKO-19, shilingi trilioni 1.3 zilizoanza kutumika mwaka 2021, zilileta majengo ya huduma za dharura, vyumba vya wagonjwa mahututi na mitambo ya kuzalisha oksijeni. Tulioko kazini tumeviona na tunavitumia.

Lakini kila chumba cha upasuaji kilipozinduliwa kilizaa pia nafasi ya kazi isiyoonekana kwenye picha za uzinduzi, nayo ni nafasi ya mtu anayekaa kichwani pa mgonjwa tangu dawa ya kwanza inapoingia hadi mgonjwa anapoamka na kujua alipo. Nafasi hiyo haina saa ya kufunga, na katika vituo vingi imekabidhiwa mtu mmoja, au wawili ambao mmoja wao yuko masomoni.

Mwezi Machi 2018, mjini Dodoma, Serikali ilizindua Mpango wa Taifa wa Huduma za Upasuaji, Uzazi na Dawa za Usingizi, ulioandikwa kwa kipindi cha 2018 hadi 2025, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi za mwanzo barani Afrika kuwa na mpango wa namna hiyo. Kipindi hicho kimekwisha. Ombi langu, ambalo mengine yote katika barua hii yanalizunguka, ni kwamba katika mpango unaofuata, na katika kila bajeti ya halmashauri itakayoutekeleza, chumba cha upasuaji kisihesabiwe kuwa kimefunguliwa mpaka kiwe na watoa usingizi wa kutosha kiasi kwamba mmoja wao anaweza kulala, kuugua, kwenda likizo au kuzika mzazi wake bila huduma kusimama wala kuendelea kwa hatari.

Kwa wale waliokutana na kazi hii wakiwa wagonjwa tu, na kwa hiyo hawakuiona, naomba nieleze kinachofanyika. Wengi hudhani kwamba mtoa usingizi huchoma sindano, mgonjwa akalala, kisha kazi ikabaki kwa daktari wa upasuaji. Kumlaza mgonjwa ndiyo sehemu fupi. Katika upasuaji wa kujifungua, ambao ndio upasuaji mkubwa tunaoufanya zaidi wilayani, kwa kawaida tunatoa ganzi ya mgongo: mililita chache za bupivakaini huingizwa kwenye maji yanayozunguka mishipa ya fahamu mgongoni, na baada ya dakika chache mama hasikii maumivu kuanzia kifuani kwenda chini. Dawa hiyohiyo hulegeza mishipa ya damu, shinikizo likashuka, mama akasema anasikia kichefuchefu au anaona giza, na mtoto aliye tumboni akaanza kupata damu pungufu. Anayempima kila mara atamwongezea dripu, atamwinamisha kidogo upande wa kushoto, atamchoma efedrini ya kupandisha shinikizo, na muda mfupi baadaye hakuna atakayekumbuka kwamba kulikuwa na hatari. Asiyempima atagundua pale mama atakapoacha kujibu. Ganzi ikipanda juu kuliko ilivyokusudiwa, misuli ya kupumulia hulegea, na hapo anahitajika mtu wa kumpumulisha, kumwekea mpira kwenye njia ya hewa na kuzuia yaliyomo tumboni yasiingie mapafuni, yote hayo ndani ya muda ambao mtu angeutumia kutafuta namba ya simu ya mwenzake.

Mwaka 2016 jarida la Lancet Global Health lilichapisha uchambuzi wa tafiti kutoka nchi za kipato cha chini na cha kati, ulioonyesha kwamba kati ya wanawake 1,000 waliofanyiwa upasuaji wa uzazi, 1.2 hivi walikufa kwa sababu ya usingizi au ganzi yenyewe, na kwamba katika kila vifo saba vilivyotokea baada ya upasuaji wa kujifungua, karibu kimoja kilitokana na sababu hiyo. Uchambuzi huo ulionyesha pia kuwa vifo vya akina mama vilikuwa vingi zaidi pale ambapo mtoa usingizi hakuwa daktari. Mimi si daktari, na sitayaficha matokeo hayo kwa kuwa hayanipendezi. Nasema tu kwamba asiye daktari ndiye aliyepelekwa mahali ambapo hakuna damu ya kutosha, hakuna bingwa wa kumpigia simu, na hakuna wa kumpokea kazi alfajiri, kwa hiyo atakayetaka kuyatumia matokeo hayo kama hoja ya kutuondoa aeleze kwanza ni nani atakayekaa hapo usiku huu. Jibu langu ni kuongeza mabingwa mikoani watakaotusimamia na kututembelea, kutupatia mafunzo ya mara kwa mara, na kutuondoa katika upweke.

Upweke huo haujitokezi wazi popote kuliko pale anapozaliwa mtoto asiyelia. Mkunga anamfuta, anamsugua mgongo, mtoto bado ni wa bluu, na watu wote chumbani wanamgeukia mtu mmoja, kwa sababu ndiye anayejua kutumia mfuko na barakoa ya kupumulishia. Daktari mikono yake imo tumboni mwa mama. Mama mwenyewe anavuja damu, shinikizo lake ndilo kwanza linayumba, na mtu pekee aliyekuwa akimwangalia anaondoka kichwani pake kwenda kwenye meza ya mtoto, hatua tatu tu, lakini akiwa amempa mgongo. Viwango vya kimataifa vya usalama katika utoaji wa usingizi, vilivyotolewa upya mwaka 2018 na Shirika la Afya Duniani pamoja na shirikisho la kimataifa la vyama vya mabingwa wa usingizi, vinaweka mbele ya yote sharti la kuwapo mtoa usingizi mwenye mafunzo, aliye macho, muda wote wa upasuaji. Hakuna mashine inayotajwa kuwa mbadala wake. Mtumishi aliye peke yake hulivunja sharti hilo kila anapozaliwa mtoto aliyechoka, halivunji kwa uzembe, na hakuna fomu ya kuandika kwamba alilazimika kuchagua kati ya watu wawili.

Hali hiyo hujirudia kwa sura nyingine pale anapoitwa kwenye jengo la dharura kumwekea mpira wa hewa majeruhi wa bodaboda wakati chumba cha upasuaji kina mgonjwa. Na pale asipopatikana kabisa, wapo madaktari wanaochoma ganzi wenyewe, kisha wakanawa mikono na kuanza kupasua, huku muuguzi ambaye hakusomea kazi hiyo akiambiwa aangalie namba kwenye skrini na aseme zikishuka. Siwalaumu, kwa kuwa mama angeachwa angekufa. Naomba tu tuache kuiandika huduma ya namna hiyo katika taarifa zetu kana kwamba imekamilika.

Sasa nije kwenye usingizi wa anayetoa usingizi. Mwaka 1997 watafiti wa Australia walipima uwezo wa watu waliokesha na kuulinganisha na wa watu waliokunywa pombe, wakakuta kwamba saa 17 bila kulala zinampunguzia mtu umakini sawa na kiwango cha pombe katika damu cha asilimia 0.05, na saa 24 sawa na kama asilimia 0.10. Dereva wa basi la mikoani akikutwa na kiwango hicho barabarani anashushwa mbele ya abiria wake. Nchini Uingereza, uchunguzi uliochapishwa mwaka 2017 miongoni mwa madaktari wanaojifunza ubingwa wa usingizi ulikuta kwamba zaidi ya nusu ya waliojibu walikuwa wamewahi kupata ajali, au kuikosa kidogo, wakirudi nyumbani baada ya zamu ya usiku. Hao ni watu wenye zamu zilizopangwa, wenye wenzao wa kupokezana. Kwetu, anayemaliza usiku wa upasuaji wa dharura mara nyingi ndiye anayeanza orodha ya upasuaji wa kupangwa saa mbili asubuhi, kwa kuwa orodha imeshabandikwa ukutani, daktari bingwa amekuja kwa siku hiyo moja kutoka mkoani, na wagonjwa wamefunga kula tangu jana.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza mwajiri kumfanyisha mtu kazi zaidi ya saa 12 kwa siku, na kwa kawaida inataka mfanyakazi apate saa 12 mfululizo za kupumzika kabla ya kurudi kazini. Sheria hiyo inaacha mlango kwa kazi ya dharura, na ni haki iuache, maana mama anayevuja damu kwa kondo lililomtangulia mtoto hasubiri asubuhi. Dharura inayompata mtu yuleyule kila usiku, mwaka mzima, hiyo inapaswa kuitwa kwa jina lake, yaani upungufu wa ikama, idadi ya watumishi wanaotakiwa kuwapo. Tena si saa za kazi peke yake zinazochosha. Aliye peke yake kituoni, hata usiku ambao hakuitwa, amelala na simu sikioni, hawezi kwenda msibani wilaya ya jirani, hawezi kufunga safari ya kumpeleka mtoto shule ya bweni, na likizo yake huidhinishwa kwenye karatasi kisha ikaahirishwa kwa mdomo. Posho ya kuitwa usiku, pale inapotegemea mapato ya ndani ya kituo, huja ikiwa imechelewa miezi, au haiji, na mtu huona aibu kuidai kwa kuwa anajua fedha hizo zilinunua nyuzi za kushonea.

Yapo madhara mengine ambayo hayazungumzwi sana, nami nitayapitia kwa haraka. Dawa za usingizi za kuvutwa kwa pumzi, kama haloteni, hutumika katika vyumba ambavyo havina bomba la kutolea nje hewa yenye dawa, na wahudumu, wakiwamo wajawazito, huzivuta kwa saa nyingi. Dawa kali za maumivu na za usingizi, kama pethidini, mofini na ketamini, ziko mikononi mwa mtu aliyechoka na aliye peke yake, ambaye mara nyingi ndiye anayeshika ufunguo wa kabati, ndiye anayechoma na ndiye anayejaza daftari. Nchi mbalimbali zilizochunguza jambo hili zimekuta kwamba watoa usingizi wako katika hatari ya kuzitumia wenyewe, na hakuna sababu ya kudhani sisi tumeumbwa tofauti. Saini ya pili kwenye daftari humlinda mgonjwa na humlinda pia mtumishi, ila saini ya pili inahitaji mtu wa pili.

Kuhusu kifo mezani nitakaa kidogo zaidi. Mgonjwa akifia katika chumba cha upasuaji, ndugu wako nje, simu zinapigwa kutoka ngazi za juu kuuliza nani alikuwa zamu, na mara nyingi kabla mwili haujapelekwa kuhifadhiwa mtoa usingizi anaambiwa aandike maelezo. Kisha anaitwa mgonjwa anayefuata. Vikao vya kujadili vifo vya akina mama na watoto wachanga viliwekwa ili kutafuta chanzo bila kumtafuta wa kulaumiwa, na miongozo yake inasema hivyo waziwazi. Nimehudhuria vikao vilivyoendeshwa kwa moyo huo, watu wakatoka na orodha ya vitu vya kurekebisha na wakavirekebisha. Nimeona pia vikao ambavyo swali la kwanza lilikuwa jina la mtu. Baada ya vikao vya aina ya pili, watu hujifunza kuandika taarifa fupi, na kituo kinapoteza njia pekee ya kujua kwa nini mgonjwa wake alikufa. Mtumishi aliyepitia tukio hilo anahitaji siku chache nje ya chumba cha upasuaji na mtu mzima wa kuzungumza naye, ambaye si polisi na si mwajiri wake. Kituo chenye mtoa usingizi mmoja hakiwezi kumpa hata siku moja.

Vifaa navyo vina sehemu yake, ingawa navitaja baada ya watu kwa makusudi. Kipimo cha oksijeni cha kidoleni kinapaswa kumfuata mgonjwa kutoka mezani hadi wodini, badala ya kuazimwa kati ya chumba cha upasuaji na wodi ya watoto. Kifaa cha kupima hewa ya kaboni anayoitoa mgonjwa, ambacho ndicho kinachothibitisha mara moja kwamba mpira umeingia kwenye njia ya hewa na si kwenye umio, bado ni anasa wilayani. Mashine za usingizi za msaada zinazohitaji oksijeni ya bomba hupelekwa mahali ambapo oksijeni ni ya mtungi na umeme ni wa kubahatisha, zikaishia kuwa meza za kuwekea faili, wakati mashine rahisi zinazotumia hewa ya kawaida na mtambo mdogo wa kuchuja oksijeni zingefanya kazi kila siku. Naiomba Bohari ya Dawa na Wizara, kabla ya kupokea au kununua, zimuulize atakayeitumia, pamoja na fundi wa vifaa tiba atakayeitengeneza.

Tunayo pia mambo ambayo hayahitaji fedha nyingi na ambayo Tanzania ilishiriki kuyathibitisha. Orodha ya ukaguzi wa usalama wa upasuaji ya Shirika la Afya Duniani ilijaribiwa katika hospitali nane duniani, mojawapo ikiwa Ifakara mkoani Morogoro, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2009 yalionyesha vifo vikishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8 na matatizo makubwa kutoka asilimia 11 hadi 7. Leo karatasi hiyo imo kwenye mafaili yetu karibu yote. Swali ambalo wakaguzi hawaulizi ni saa ngapi ilijazwa, kwa sababu orodha inayojazwa jioni kwa ajili ya faili, watu wakiwa wamechoka, haimlindi mgonjwa aliyepasuliwa asubuhi.

Na baada ya upasuaji? Utafiti mkubwa wa matokeo ya upasuaji barani Afrika, uliochapishwa mwaka 2018 na uliohusisha nchi 25, ulikuta kwamba wagonjwa wetu, ingawa ni vijana zaidi na wana magonjwa machache zaidi, walikufa kwa kiwango cha mara mbili ya wastani wa dunia, na kwamba asilimia 95 ya vifo hivyo vilitokea baada ya upasuaji kumalizika. Katika hospitali hizo madaktari bingwa wa upasuaji, uzazi na usingizi kwa pamoja walikuwa 0.7 kwa kila watu 100,000, wakati lengo lililopendekezwa kimataifa mwaka 2015 ni angalau 20. Watafiti haohao wakajaribu kwenye hospitali zaidi ya 300 njia ya bei nafuu: mgonjwa aliye hatarini apimwe mara nyingi zaidi, kitanda chake kiwe karibu na meza ya wauguzi, ndugu aruhusiwe kukaa naye. Matokeo yalitoka mwaka 2021, na vifo havikupungua. Nawaomba sana muyasome matokeo hayo kabla ya kutuandikia waraka mwingine wa kutuagiza tuongeze uangalizi, maana uangalizi ni saa za mtu, na mtu yuleyule alikuwa na saa zilezile.

Najua pingamizi litakalokuja, na ni zito. Mtasema kwamba sharti ninalolipendekeza litafunga vyumba vya upasuaji, na kwamba mama wa kijijini atarudi kwenye safari ile ya usiku ambayo vituo hivi vilijengwa kuiondoa. Umbali nao unaua, na sitaki kubadilishana vifo vya aina moja kwa vya aina nyingine. Kwa hiyo siombi makufuli. Halmashauri yenye vyumba vitatu vya upasuaji na watoa usingizi wanne leo huwagawa mmoja mmoja, wawili wakabaki hospitali ya wilaya, na kila mmoja akawa mfungwa wa kituo chake. Watumishi haohao wanne wangeweza kuwekwa katika zamu moja ya halmashauri nzima: mchana vyumba vyote vikafanya kazi, usiku kikabaki wazi kimoja au viwili vilivyochaguliwa kwa kuangalia barabara na idadi ya wanaojifungua, gari la wagonjwa likiwa na mafuta na dereva mahali palipofungwa, na wananchi wakajulishwa waziwazi ni kituo gani kiko wazi usiku huo. Ni mpango wenye kasoro. Mahali ambapo mto hujaa masika hautafaa, na huko watumishi waongezwe kwanza. Hata hivyo ni bora kuliko utaratibu wa sasa, ambapo kila kituo kimeandikwa kuwa kiko wazi usiku na mchana, na mama anafika akaambiwa mtoa usingizi yuko mjini kwenye mirathi ya baba yake.

Shinikizo litaongezeka. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 ikitekelezwa kama ilivyokusudiwa, watu waliokuwa wakivumilia ngiri na uvimbe wa kizazi kwa kukosa fedha watakuja, na wana haki ya kuja. Orodha za upasuaji wa kupangwa zitarefuka katika vyumba vilevile, mbele ya watumishi walewale.

Kwa hiyo, Mheshimiwa Waziri wa Afya, nakuomba uhakikishe kwamba mpango mpya wa upasuaji, uzazi na usingizi unataja kiwango cha chini cha watoa usingizi kwa kila chumba kinachofanya kazi saa 24, unaongeza nafasi za kusomea taaluma hii kwa madaktari na wauguzi katika vyuo vinavyoitoa, na unampangia bingwa wa usingizi wa mkoa jukumu la kuzitembelea wilaya, si la kukaa akisubiri rufaa. Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya TAMISEMI, nakuomba uelekeze kwamba aliyesomeshwa usingizi apangiwe kazi ya usingizi, asirudishwe wodini wala kugeuzwa msimamizi wa stoo kwa kuwa amepanda cheo, na kwamba posho za kuitwa usiku zitengewe fungu linalotabirika. Waganga Wakuu, mnaweza kupanga zamu ya pamoja ya halmashauri bila kusubiri waraka wowote, na mnaweza kuwafundisha wakunga wote wanaoingia chumba cha upasuaji kumpumulisha mtoto mchanga, ili mtoa usingizi asimwache mama. Waganga Wafawidhi, mnaweza kesho kutwa kuamua kwamba aliyekesha hawekwi kwenye orodha ya asubuhi, mkatenga chumba chenye kitanda na chandarua kwa walioko zamu, na mkamwambia daktari mgeni kutoka mkoani kwamba orodha yake itaanza saa sita.

Mwisho naomba takwimu. Kila mwaka wakati wa bajeti tunaelezwa idadi ya vyumba vya upasuaji vilivyojengwa. Naomba katika hotuba ijayo ya bajeti jedwali hilo liongezwe safu mbili: kila chumba kina watoa usingizi wangapi waliopo kazini kwa kweli, bila kuwahesabu walio masomoni, na kila mmoja wao alikuwa zamu ya kuitwa usiku mara ngapi kwa mwezi. Taarifa hizo zimo kwenye madaftari ya zamu ya kila kituo, na zinaweza kukusanywa kabla ya Bunge la bajeti kuanza.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Muuguzi mtoa usingizi,
Hospitali ya Wilaya.

Nakala: Kamati ya Bunge inayosimamia masuala ya afya, wakuu wa vyuo vinavyofundisha utoaji wa dawa za usingizi, wenzangu wote walioko zamu.